Laini Ilikuwa Bize Kila Ijumaa

Watoto wa dada yangu wanagombana kila siku kuhusu intaneti ya nyumbani. Mmoja anavuta filamu, mwingine anasema kazi yake ya chuo imeganda, wa tatu ananuna chumbani. Kisha wananijia mimi niamue, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa aliyepo. Nawajibu vibaya. Wanasema mama mkubwa ana kisirani na kile kiboksi cha sebuleni, na wala hawakosei. Niliwahi kuishi nyumba moja na mtu aliyeishikilia laini peke yake, na ndoa yangu ikaondokea humo humo.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mtoni, ukiiacha barabara ya Kilwa unaingia ndani kidogo. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, na katikati ukumbi mrefu uliotakiwa kupitisha hewa lakini ukawa unapitisha harufu ya mafuta ya taa tu. Uani choo, bafu na kamba za kuanikia. Mama mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, sisi wapangaji vilivyobaki. Na alikuwa na simu. Miaka ile ya mwisho ya tisini, mtu wa mtaani kwetu mwenye simu ya waya ndani ya nyumba alikuwa mtu kweli kweli. Marehemu mumewe alifanya kazi serikalini, ndiye aliyeiacha. Ilikaa ukumbini juu ya meza ndogo, chini kitambaa cha kufuma, juu imefunikwa kitambaa kingine, kama mgonjwa anayelindwa na upepo.

Ilikuwa simu ya kuzungusha, na kwenye tundu moja la namba lilipachikwa kufuli dogo ili duara lisizunguke. Simu nyingi za wakati ule zilifungwa hivyo. Ukipigiwa unapokea, lakini kupiga hupigi mpaka mama atoe ufunguo, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake, mchana na usiku. Kufuli lile alilinunua mume wangu. Alilipachika kwa mkono wake siku chache kabla hajasafiri, kumfanyia mama hisani, kwa sababu wapangaji walikuwa wakimmaliza kwa bili.

Mume wangu alikuwa dereva wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipobinafsishwa, watu wakapunguzwa, naye akiwa wa kwanza kwanza. Alikaa barazani miezi mingi, amevaa saa ya mkononi ambayo haikuwa na kazi tena. Halafu ndugu yake mmoja wa mbali akamtafutia kazi ya udereva Maskati, kwenye nyumba ya mtu mwenye uwezo. Tulikuwa hatujatimiza miaka miwili ya ndoa, mtoto hatujapata. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu watu wengi baadaye walizungumza juu ya ndoa ile kana kwamba ilikuwa ya kuokoteza. Alikuwa mwanamume wa kucheka mpaka machozi yanamtoka, na akinunua samaki alinunua yule mzuri hata kama kesho yake tutakula mchicha.

Tulikubaliana awe ananipigia kila Ijumaa. Siku hiyo kwake ilikuwa mapumziko, akaweza kwenda kwenye duka la simu kule, akapanga foleni, akapiga. Mimi nisingeweza kumpigia, maana hakuwa na namba ya kupigiwa. Saa niliichagua mimi: saa kumi alasiri. Kila Ijumaa baada ya adhuhuri mama mwenye nyumba alikuwa anakwenda kisomoni na wenzake, harudi mpaka magharibi inakaribia. Ukumbi unakuwa mtupu. Nikamwambia mume wangu, piga saa hiyo, mama hayupo, tutaongea kama mtu na mkewe.

Na tuliongea. Ananiuliza nimepika nini, namwambia, anasema acha, utanifanya nilie kwenye duka la watu. Ananisimulia joto la kule, na bosi ambaye anapenda gari liwe baridi kama friji. Sikuwa nahitaji kitu kingine chochote kwa wiki nzima. Zile dakika zilinitosha mpaka Ijumaa nyingine.

Kisha akahamia yule kijana.

Alipanga chumba kinachotazamana na meza ya simu. Alikuwa amemaliza chuo kikuu, anafanya kazi katika ofisi ya mradi wa wageni huko mjini, inayofunga mapema kila Ijumaa. Mpole, msafi, anaamkia shikamoo hata mtu aliyemzidi mwaka mmoja. Siku ya kuhamia alikuja na kompyuta ndani ya boksi kubwa, na nyumba nzima tukatoka kuiangalia inavyoingizwa mlangoni. Mama mwenye nyumba alimpenda kuliko sisi wote tuliokaa naye miaka. Alimwita msomi wangu. Bili ya simu ikija, msomi wangu anaisoma, msomi wangu anaibeba kwenda kuilipia mjini ili mama asisimame juani. Mama akimpa alichozoea kutoa, yeye anapokea anashukuru. Kama pale dirishani pa kulipia bili ilikuwa zaidi ya hapo, alijua mwenyewe pa kuijazia.

Wiki ile ile alipitisha waya mwembamba juu ya mlango wake, akaugongea misumari midogo ukutani mpaka kwenye kona ya simu. Alimwambia mama ni antena ya redio. Mama akatutangazia uani kwa fahari kwamba msomi ameweka antena, anakamata stesheni za Ulaya.

Tangu hapo simu yangu ya Ijumaa ikanyamaza.

Nilikuwa nabeba stuli yangu, nakaa karibu na meza, mikono nimeibana magotini. Sheria ya nyumba ilikuwa ukisubiri kupigiwa usinyanyue mkonga, kwa sababu ukiunyanyua anayepiga atakuta bize. Nami nilikuwa mtu wa kutii. Niliikodolea macho simu mpaka adhana ya magharibi, mama anarudi kutoka kisomoni ananikuta nimekaa vile vile. Ijumaa ya kwanza nikasema labda ametumwa safari na bosi. Ya pili nikasema anaumwa. Baada ya hapo nikasema amepata mwanamke, nikamtukana moyoni matusi ambayo sikujua kama nayajua.

Ijumaa moja umeme ulikatika mtaa mzima tangu asubuhi. Saa kumi simu ikaita. Niliruka mpaka stuli ikaanguka.

"Kwa nini simu iko bize kila siku?" Hata salamu hakunipa.

"Bize vipi? Mie nimekaa hapa, siigusi."

"Nimekupigia Ijumaa zote hizi. Nasimama saa nzima, bize. Watu wa dukani wananionea huruma."

"Labda laini za huko mbovu."

"Nani anakupigiaga?"

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia swali hilo. Sikulielewa. Nilidhani ananitania, nikacheka, na nadhani kile kicheko kiliniharibia. Laini ikakatika.

Nilipokaa nikafikiri ndipo nikaiona hesabu yake. Simu ina kufuli, alilifunga yeye, kwa hiyo hakuna wa kupiga kutoka ndani. Ikiwa bize, basi kuna mtu anapiga kutoka nje. Anapiga Ijumaa, saa kumi, saa ambayo mama hayupo nyumbani. Na nani alimwambia kwamba saa hiyo mama hayupo? Mimi. Mtu yeyote angefika alikofika yeye.

Ijumaa iliyofuata umeme ulikuwepo. Saa kumi ikapita kimya. Saa kumi na nusu nikavunja sheria, nikanyanyua mkonga.

Sauti iliyoniingia sikioni sijaisahau. Mkwaruzo, filimbi, kitu kama chuma kinasagwa ndani ya ngoma. Nikaushikilia mkonga mbali na uso. Hapo hapo kutoka chumbani mwake kijana akapiga kelele, "Nani kashika simu?"

Mlango ukafunguka. Alikuwa na singlendi, jasho, hasira usoni. Aliponiona mimi hasira ikageuka kitu kingine. Akaweka kidole mdomoni.

"Sista, taratibu basi. Umenikata."

"Nimekukata na nini?"

Akanionyesha. Ndani ya chumba chake palikuwa na kompyuta inayowaka, na pembeni kiboksi chenye taa nyekundu ndogo ndogo. Waya wa antena ulikuwa umeingia kwenye kiboksi hicho, na mwisho wake wa pili ulikuwa umeungwa nyuma ya meza, palepale waya wa simu unapotokea ukutani. Alisema anaingia intaneti. Nikamuuliza intaneti ndio nini. Akasema ni kompyuta zinaongea zenyewe kwa njia ya simu. Anatafuta shule nje, anatuma maombi, anajibiwa siku hiyo hiyo badala ya kungoja posta mwezi mzima. Alieleza kwa upole kama mwalimu. Mengi sikuyashika, ila moja nililishika sawasawa: kufuli la mume wangu lilizuia kidole cha mtu kuzungusha namba. Waya halikuuzuia. Kijana alikuwa anapiga simu akiwa kitandani kwake, na kufuli linaning'inia pale ukumbini limefungwa vizuri kabisa.

"Ijumaa saa kumi ni saa yangu," nikamwambia. "Mume wangu ananipigia. Siku nyingine zote chukua."

"Sista, usijali kabisa. Ungeniambia mapema."

Ijumaa iliyofuata alikuwa humo tena. Nilipogonga akasema anaangalia mara moja tu. Ile mara moja ilikwenda mpaka magharibi. Nilikuja kuelewa kwamba siku nyingine hakuwa nazo. Jumamosi mpaka Alhamisi mama alikaa ukumbini na ungo wake, anachambua mchele, anaangalia kila anayepita, na mkonga angeweza kuunyanyua wakati wowote. Ijumaa tu ndiyo alikuwa anatoka, na saa niliyoichagua mimi kwa ajili ya mapenzi yangu ndiyo hiyo hiyo kijana aliyoichagua kwa ajili ya shule yake.

Tukawa na vita vya kijinga. Mimi nanyanyua mkonga namkata. Yeye anaunganisha upya. Nanyanyua tena. "Sista, unaniharibia!" anapiga kelele toka ndani. "Wewe umeniharibia tangu lini?" namjibu. Na wakati sisi tunagombania waya ule, huko Maskati mwanamume amesimama dukani anasikia bize, bize, bize. Ukiniuliza leo sijui bize ya mwisho ilitoka kwa kompyuta ya kijana au kwa mkonga wangu.

Nikamwambia mama mwenye nyumba. Nilimngoja atoke kisomoni, nikamkalisha, nikamweleza kila kitu, antena, kiboksi, taa nyekundu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua pindo la kanga, akanionyesha ufunguo kwenye kiganja.

"Mwanangu, simu ina kufuli. Atapigaje?"

"Hapigi kwa mkono, mama. Kompyuta ndiyo inapiga."

"Kompyuta inapiga simu." Alirudia pole pole, kama anaonja chakula kilichochacha. "Kijana wa watu ana adabu zake. Mumeo kama hakupigii, usimtafutie mtu kesi."

Nilirudi chumbani kwangu nikalia kwa hasira. Huzuni ilikuja baadaye.

Kaka wa mume wangu alikuwa fundi samani Keko. Karibu na karakana yake palikuwa na duka lenye simu, na mume wangu alikuwa anampigia hapo mara moja moja kuulizia wazazi. Nikamwomba shemeji ampe mdogo wake ujumbe kwamba Ijumaa nitakuwa Keko, apige huko. Nilifika mapema, nikasimama kati ya vitanda visivyopakwa vanishi, vumbi la mbao linaniingia puani. Simu ikaita pale dukani, tukakimbilia, shemeji akaongea kidogo, akanipa.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nikamweleza yule kijana, na waya, na antena ya uongo. Nikamwambia kufuli halizuii waya.

"Kwa hiyo kompyuta ndiyo inaongea na simu," akasema.

"Ndiyo."

"Inaongea na nani?"

"Na kompyuta nyingine."

"Saa nzima?"

"Hata zaidi."

Nilimsikia anavuta pumzi. Nyuma yake watu wa duka la kule walikuwa wanazungumza Kihindi. "Mke wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka, haikuwa ya ukali, "ungeniambia shoga yako ndiye alikuwa anakupigia, ningekuelewa."

Nimeyafikiria maneno hayo miaka mingi. Alikuwa ananifungulia mlango. Angeupokea uongo mdogo wa kawaida, wa shoga mmoja mwenye maneno mengi, na tungeendelea kuishi. Mimi nikang'ang'ania ukweli wangu wa ajabu. Nikarudia kompyuta, nikarudia kiboksi, nikaanza kupandisha sauti mpaka mafundi wakaacha kupiga randa. Mwishoni akasema basi, kaka ataenda Mtoni kumuuliza huyo kijana mbele ya mama mwenye nyumba. Akikubali, yameisha.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja mlangoni kwa kijana. Nilifikiri nikimwandaa atanisaidia. Nikamwambia shemeji anakuja, kitu anachotaka ni neno moja tu, useme ni wewe. Akanisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema, "Sawa sista, tutaliongea."

Kikao kilikuwa chumbani kwa mama, kwenye mkeka. Shemeji alikuja na kofia yake, amejifuta vumbi lakini masikio bado meupe. Mama alikaa kitandani. Kijana alikaa karibu na mlango, miguu ameikunja vizuri kama yuko madrasa. Shemeji akaanza kwa kuomba radhi ya kumsumbua, akauliza alichotumwa kuuliza.

"Hapana, mzee," kijana akasema. "Kompyuta yangu ni ya kuandikia kazi za ofisini tu."

"Na huo waya unaosemwa?"

"Ulikuwa wa antena. Redio imekufa, nimeshautoa."

Tukatoka ukumbini kuangalia. Ukutani palikuwa na misumari midogo imepangana kutoka mlangoni kwake hadi kwenye kona, mitupu. Nyuma ya meza hapakuwa na kitu. Mama akasema, "Si nilimwambia?" na hakusema kwa ubaya, alisema kwa masikitiko, na hiyo iliniumiza zaidi. Nikampigia kijana kelele. Nikamwambia mwongo, nikamwambia atafute uso wa kunitazama nao. Hakunitazama. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyoonekana mtu aliyeshikwa. Shemeji, mtu mwema yule, akatazama chini akasema, "Shemeji, nimesikia." Akaaga.

Ijumaa iliyofuata kijana aliogopa. Alirudi kutoka kazini, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie hakugusa waya. Saa kumi kamili simu ikaita. Iliita mara moja tu nikawa nimeshaushika mkonga. Nilikuwa na furaha, jamani. Nilijua mambo yamekwisha, laini iko wazi, sasa tutaongea tuelewane.

"Asalam alaikum," akasema.

"Waalaikum salaam, mume wangu."

"Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Tumeuliza tu, simu imepona."

Kila Ijumaa laini ilipokuwa bize, kwake ulikuwa ushahidi. Sasa imekuwa wazi, nao ukawa ushahidi mkubwa kuliko wote. Hapakuwa na mlio wowote ambao simu ile ingeweza kuutoa ukanitetea.

"Nimekuacha," akasema. "Talaka moja. Kaka nimeshamwambia, ni shahidi. Mungu akujaalie kheri." Akangoja kidogo, labda nilie, labda niombe. Kisha akakata yeye.

Nilirudisha mkonga, nikaifunika simu na kitambaa chake. Chumbani kwa kijana palikuwa kimya kabisa. Alikuwa amesikia kila neno.

Talaka moja si mwisho. Mwanamke anakaa eda, na ndani ya eda mume anaweza kumrejea mkewe bila ndoa mpya. Nilikuwa na miezi kama mitatu ya ukweli kumfikia. Nikaimeza hasira, nikaenda kwa kijana kwa adabu, nikakaa kizingitini pake.

"Nenda Keko," nikamwambia. "Mama hatajua. Mwambie shemeji peke yake."

"Sista, mie naumia kama wewe," akasema. "Lakini mama akisikia atanitoa, na majibu ya shule yanakuja kwa laini hii hii. Nimebakiza kidogo tu. Nikishapata, naapa, nitamtafuta shemeji nimwambie mwenyewe. Na mumeo atarudi tu, hizo ni hasira."

Waya alikuwa ameshaurudisha. Safari hii ulipita chini ya mkeka wa ukumbini, ambao mama aliukanyaga kila siku kwenda kuswali. Sikumzuia tena Ijumaa. Nilitaka apate hiyo shule haraka kuliko alivyotaka yeye. Nilikuwa namuombea kila sala, mtu aliyenivunjia nyumba, afanikiwe.

Akapata. Mama mwenye nyumba alipiga vigelegele uani mpaka majirani wakaja. Msomi wetu anakwenda Ulaya. Ikapangwa dua na chakula, na mama, mbele ya wanawake wote wa mtaa, akasema pilau atapika nani kama si huyu, akinishika bega. Pilau yangu ilikuwa inajulikana. Ningekataa ningesemwa nina husuda. Na ukweli mwingine ni kwamba shemeji alikuwa amealikwa, na mimi nilijiambia huenda siku hiyo ndiyo kijana atatimiza kiapo. Nikaamka alfajiri nikakaanga vitunguu vya sufuria mbili kubwa. Nilipika pilau nzuri, Mungu anajua. Sikutia kinyongo hata kwenye chumvi.

Walikula wakashiba. Kijana akasimama kushukuru. Alimshukuru Mungu, mama yake wa kumzaa, mama yake wa pili aliyempa chumba, majirani. "Na sista wangu," akasema, ananielekezea mkono, "kwa pilau hii nitakayoiota huko kwenye baridi." Watu wakacheka. Shemeji alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake, anajipangusa mikono. Wakapeana mkono, wakatakiana heri. Nilisimama na sinia la matunda nikawatazama midomo. Maneno yao yalikuwa ya safari na hali ya hewa tu.

Aliondoka kesho yake. Alisema akifika ataandika kila kitu. Eda yangu ikaisha hakuna kilichokuja, na mimi nikahama Mtoni nikaenda kukaa kwa dada yangu.

Mume wangu wa zamani nilikutana naye miaka mingi baadaye, kwenye harusi ya binti wa shemeji, huko huko Keko. Shemeji hakuwahi kuacha kunialika. Nilikuwa nyuma na wapishi, yeye akaja mpaka jikoni, amenenepa, mvi pembeni, kanzu nzuri ya kule. Alikuwa na mke na watoto watatu, nilishawaona. Akanisalimu, akazunguka zunguka maneno, kisha akasema kuna jambo limemkaa rohoni.

Bosi wake aliwahi kuweka intaneti nyumbani. Siku moja gari liliharibika njiani, akapiga simu nyumbani kwa bosi aletewe msaada, akakuta bize. Akapiga tena na tena juani, bize. Aliporudi jioni akauliza nani alikuwa anaongea muda wote huo, wakamcheka. Hakuna aliyekuwa anaongea. Watoto walikuwa kwenye kompyuta.

"Nilikukumbuka wewe," akasema. "Nilikaa garini nikakukumbuka. Kumbe ulikuwa unasema kweli."

Nilikuwa nimeshika mwiko, nikauweka chini. Nilisubiri. Nilikuwa nimelisubiri neno lake lile miaka yote hiyo, na nilijua kuna lingine linalotakiwa kulifuata.

"Ila na wewe," akasema, "ungenieleza vizuri."

Mkewe akamwita kutoka mbele, mtoto analia, akaniaga akaenda. Nilikuwa nimemweleza vizuri. Nilimweleza kwa maneno yale yale ambayo watoto wa bosi walikuja kumweleza, na wao aliwaamini siku hiyo hiyo.